Tone la Damu na Cheti cha Baba

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Nesi alikuwa na mgonjwa wake mezani. Mgonjwa mwenyewe alikuwa baba yake, mwanamume mwenye mabega ya kuziba mlango, dereva wa lori la saruji lenye magurudumu mengi kuliko viti vyote vya nyumba yao. Nesi hakuwa nesi wa kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na mama yake siku ilipoletwa ile mashine ndogo ya kupimia sukari. Aliisoma karatasi ya maelezo na kuielewa, huku watu wazima wawili bado wakigombana betri inakaa upande gani.

"Lete kidole," alisema Nesi.

"Kipi?"

"Chochote, Baba. Unavyo kumi."

"Cha jana bado kinauma."

"Basi lete cha kesho."

Baba alinyoosha mkono, akageuza uso kuelekea ukutani, akafumba macho. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Mtu aliyeteremsha lori mlimani na shehena ya saruji huku breki zikitoa moshi, alikuwa hawezi kutazama tone moja la damu. Akiliona tu, anaanguka chini. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya Nesi. Alifungua sindano mpya, akatoboa, akagusisha tone kwenye kijiti cha kupimia kilichochomekwa kwenye mashine, akasubiri namba itokee. Baba hakugeuka mpaka aambiwe, "Tayari."

Kwenye yadi ya malori alikofanya kazi, madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona lori lake likikimbia. Wengine walimcheka, lakini mwenye malori, ambaye wote walimwita Bosi, hakucheka hata kidogo. Mifuko aliyopakia Taratibu ilifika yote, haijapasuka hata mmoja, na lori lilirudi jioni bila mkwaruzo.

Tatizo lilikuwa hili. Dereva wa lori kubwa hawezi kupewa leseni mpya bila cheti cha afya, na cheti hicho hutolewa na daktari baada ya kumpima. Mwaka huo daktari aligundua kwamba Taratibu alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Hakumnyima cheti, ila alimpa cha muda mfupi.

"Kisukari hakimzuii mtu kuendesha lori," daktari yule, mama mmoja mwenye sauti ya upole na macho makali, alimwambia mbele ya mkewe na binti yake. "Kisukari kilichoachwa kijiendee ndicho kinachozuia. Sukari ikipanda sana, macho yanaingia ukungu na mwili unachoka. Ikishuka sana, mtu anatokwa jasho, anatetemeka, anaweza kuzimia usukanini. Kwa hiyo meza dawa, punguza vitamu, tembea, na upime kila asubuhi kabla ya kula. Mashine hii inatunza namba zote. Cheti hiki kikikaribia kuisha, niletee niione. Zikiwa nzuri, nakupa cha mwaka mzima."

Namba nzuri, alieleza, ni kama tano au sita. Ikifika saba bado tunaelewana.

Wiki za mwanzo namba hazikutaka kuelewana na mtu. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na mbili, wakashangilia, kesho yake kumi na nne tena. Kila Nesi alipoitaja, mabega ya Baba yalishuka kidogo, akanywa chai yake, akaondoka. Jioni moja Nesi alikuwa akikunja nguo chumbani akawasikia wazazi wake sebuleni. Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza, jambo lisilo la kawaida, maana Mama alikuwa fundi wa nguo na mguu wake haukujua kupumzika.

"Nikinyimwa cheti, Bosi atampa lori mtu mwingine," Baba alisema. "Sijui kazi nyingine mimi, mke wangu. Tangu ujana wangu ni usukani tu. Nitakuwa nani?"

Mama alimjibu kitu kwa sauti ya chini. Nesi hakukisikia, lakini alisikia baba yake akivuta makamasi, na hilo hakuwahi kulisikia maishani mwake. Alikaa juu ya nguo alizozikunja, akalia na yeye.

Asubuhi iliyofuata namba ilikuwa kumi na nne. Baba alikuwa bado ameukabili ukuta, macho amefumba.

"Ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri kofi.

Nesi aliitazama namba. Akautazama mgongo wa baba yake. "Damu ilikuwa kidogo," alisema. "Ngoja nirudie." Akachukua kijiti kipya na sindano mpya, akajitoboa kidole chake mwenyewe chini ya meza, na kukigusisha. Mashine ilifikiri kidogo, ikatoa namba.

"Tano, Baba!"

Baba aligeuka kama aliyeitwa na serikali kupewa zawadi. Aliitazama mashine, akaitazama tena, akamnyanyua Nesi juu na kiti chake. "Mama Nesi! Njoo uone! Tano! Nilikwambia dawa inahitaji muda tu!" Mama alikuja mbio na uzi mdomoni, na asubuhi ile walikunywa chai wakicheka. Nesi alicheka kuliko wote. Alijiambia ni mara moja tu, ili Baba apate nguvu ya kuendelea.

Uongo wa kwanza huja kama mgeni mpole, hukaa ukingoni mwa kiti. Ukishazoea nyumba, hunyoosha miguu. Kesho yake Baba alikaa mezani akiwa na tabasamu tayari, na Nesi hakuwa na moyo wa kulifuta. Alimtoboa Baba kama kawaida ili ahisi maumivu yake ya kila siku, lakini tone lililopanda kwenye mashine lilikuwa la Nesi. Na kesho kutwa hivyo hivyo. Tano. Tano na nusu. Nne na nusu. Vidole vyake vilijaa vitundu, akawa anashika penseli kwa kuibana na kiganja. Mama alipouliza, alisema wanajifunza kushona shuleni. Uongo ukazaa mjukuu.

Sasa tazama jinsi jambo lilivyogeuka. Mtu akiambiwa amepona, hufanya wanavyofanya waliopona. Kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kikawa viwili, kisha vitatu. Chupa za soda zikarudi kwenye lori. Matembezi ya jioni yakafa kifo cha kimya. Mwishowe hata vidonge vikahamia kwenye mtoto wa meza, chini ya vitambaa, vikakaa huko.

"Baba, daktari alisema usiache dawa," Nesi alimwambia.

"Daktari alisema namba ziwe nzuri. Si ni nzuri?"

"Ni nzuri, lakini..."

"Lakini nini, Nesi wangu? Wewe mwenyewe ndiye unayezisoma."

Nesi alijaribu kuficha kopo la sukari nyuma ya ndoo ya unga, Baba akalipata na kumtania kwamba panya wa nyumba hii wana akili za kisasa. Alikuwa na furaha, na furaha yake sasa ilimuuma Nesi kuliko zile sindano.

Shule zilipofungwa, Mama alimtuma Nesi kumpelekea Baba chakula cha mchana yadini. Ilikuwa yadi kubwa yenye vumbi la saruji kila mahali, hata kwenye nyusi za watu. Lori la Taratibu lilikuwa likirudi kinyumenyume kuelekea ghala ili lipakiwe. Nyuma yake alisimama fundi wa malori, mtu mwembamba mcheshi waliyemwita Spana, akimwelekeza kwa mikono na sauti.

"Njoo! Njoo! Kata kulia kidogo! Njoo! Basi hapo, simama! Simama, Taratibu! Simamaaa!"

Lori halikusimama. Spana aliruka pembeni, akaanguka juu ya rundo la maturubai, na lori likagonga ukuta wa ghala kwa kishindo. Matofali yakamwagika. Pale ukutani aliposimama Spana muda mfupi uliopita, sasa palikuwa na chuma cha nyuma ya lori na kofia yake ikiwa imebanwa.

Baba alishuka akipikicha macho. "Sikukuona," alisema, uso umempauka. "Ndugu yangu, sikukuona kabisa." Kisha Bosi alipotoka ofisini akikimbia, maneno yakabadilika. "Jua, Bosi. Jua limenipiga machoni kwenye kioo."

Nesi, akiwa ameshikilia bakuli la chakula, alitazama juu. Wingu zito lilikuwa limetanda tangu asubuhi.

Spana alijikung'uta vumbi, akajaribu kurudi katika hali yake. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Bwana huyu hajaziba ufa, ameamua kuubomoa ukuta wenyewe." Watu walicheka kwa sababu walihitaji kucheka. Lakini Spana alipoinama kuichomoa kofia yake, ilimponyoka mara mbili. Nesi aliona. Aliliweka bakuli juu ya tairi na kwenda zake bila kuaga.

Jioni hiyo alijaribu kusema. Alimwendea Mama, akaishia kumsaidia kutunga uzi. Alimwendea Baba, Baba akamwambia keshokutwa wanakwenda wote hospitali kuchukua cheti kipya, na wakitoka huko atamnunulia viatu vipya, kwa sababu cheti hiki ni chake pia. Nesi alijidanganya kwamba daktari ataona mwenyewe.

Daktari hakuona. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye mizani, kitanda chenye shuka la bluu na ubao wa herufi za kupimia macho. Alimpima Baba shinikizo la damu, akamwambia asome herufi. Baba alikwama kwenye mistari ya chini, akaomba radhi kwamba hakulala vizuri. Ndipo daktari alipoichukua ile mashine, akabonyeza na kutazama namba moja baada ya nyingine. Kadiri alivyobonyeza ndivyo uso ulivyochanua.

"Baba, hongera," alisema. "Mwanzoni ulikuwa pabaya, lakini tazama ulipofika! Nimewatibu madereva wengi, sijaona hivi. Hii ni damu ya mtoto wa shule!"

Baba alicheka hadi kiti kikalia. Mama alicheka. Nesi alihisi masikio yanawaka moto.

"Kawaida ningekupima kile kipimo kikubwa cha maabara," daktari aliendelea, "kile cha damu ya mkononi, kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi mitatu. Bahati mbaya mashine yake iko kwa fundi. Na kukutoboa kidole sasa hivi hakutanisaidia, umeshakunywa chai. Lakini kwa asubuhi nzuri namna hii sioni kwa nini nikuzuie kazi." Akavuta karatasi ya cheti, akafungua kalamu.

Hapo, msomaji, kazi ilikuwa imekwisha. Uongo ulikuwa umeshinda. Kilichobaki ni saini tu, kisha viatu vipya, kisha kicheko njia nzima. Nesi alijua hivyo. Lakini macho yake hayakuiona kalamu. Yaliiona ile kofia iliyobanwa ukutani, na akawaza kwamba nusura kichwa cha Spana kibaki ndani yake.

"Usisaini," alisema.

Wote walimgeukia.

"Daktari, shikamoo, tafadhali usisaini. Hiyo si damu ya Baba. Ni yangu."

Alinyoosha mikono yake miwili mezani, viganja juu. Vitundu vilikuwa vimejaa kwenye ncha za vidole, vingine vipya, vingine vyeusi. Alieleza yote akilia, tangu ile kumi na nne mpaka kopo la sukari na Spana kunusurika ukutani. "Baba hajui chochote," alimaliza. "Yeye hutazama ukuta. Ni mimi. Nilitaka asihuzunike."

Daktari aliifunga kalamu. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu kwanza: sindano zilikuwa tofauti, yake na ya baba yake? Nesi aliitikia kwamba kila mara alifungua mpya. "Nashukuru," daktari alisema. "Sindano ya mtu mmoja haigusi mtu mwingine kamwe, hata kama ni baba na mwana. Hilo lishike." Kisha akamgeukia Baba. "Vidonge unameza?"

Baba alitikisa kichwa.

"Macho?"

"Yana ukungu," Baba alisema polepole. "Tangu mwezi uliopita. Na ule ukuta... halikuwa jua, Daktari. Niliona kivuli cha mtu, nikadhani ni nguzo."

Mama alijishika kifua. "Mume wangu! Na hukuniambia?"

Daktari alimpima kidole papo hapo ingawa alikuwa amekunywa chai, na namba iliyotokea ilikuwa kubwa hata daktari mwenyewe akaguna. Cheti hakikusainiwa. Cha zamani kilifutwa. Taratibu hakuruhusiwa kugusa usukani wa lori mpaka miezi mitatu ipite na kile kipimo kikubwa kiseme kwa kinywa chake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Baba alitembea mbele peke yake. Nesi alitamani agombezwe, agombezwe sana, kuliko mgongo ule mpana usiogeuka. Walipofika, Baba aliingia, akakaa mezani kwenye kiti chake cha asubuhi, akamwita.

"Umenitoa kwenye lori langu," alisema. "Sitakudanganya, nina hasira. Umenifanya nijione nimepona, na nilikuwa nakwenda kuua mtu." Nesi alitazama chini. Baba alivuta pumzi ndefu. "Lakini wewe ni mtoto. Mimi ni mtu mzima niliyemwachia mtoto ugonjwa wangu, nikageukia ukutani. Macho yakaniambia, nikayanyamazisha. Spana nusura afe, nikasingizia jua. Kati yetu wawili, leo ni mmoja tu aliyesema kweli bila kulazimishwa, na huyo si mimi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mama alisema kutoka kwenye cherehani yake. "Haya, mmeshaumbuka wote wawili mngali hai. Shukuruni, tuanze kazi."

Na kazi ikaanza. Asubuhi iliyofuata Baba alikaa mezani, lakini kiti alikigeuza. "Leo natazama," alitangaza. Nesi alimtoboa. Tone likatokea, jekundu, dogo kama punje ya mtama. Baba alilikodolea macho, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa pili. "Ndiyo hili?" aliuliza. "Hili ndilo nililokuwa nalikimbia?" Kisha akalala chali sakafuni kwa hiari yake kabla hajaanguka, na Mama akampepea kwa kipande cha gauni la mteja. Baada ya wiki moja alikuwa akijitoboa mwenyewe na kusoma namba kwa sauti kubwa, ziwe nzuri ziwe mbaya. Nesi alibaki kuwa shahidi.

Ilikuwa vita, tusidanganyane. Bosi alimpa kazi ya kufunga maturubai na kuhesabu mifuko. "Nitakusubiri miezi hiyo mitatu," alimwambia. "Ukija na cheti, ufunguo ni wako. Ukija bila cheti, nitampa mwingine, na tusilaumiane." Kila siku Baba alisimama chini akilitazama lori lake likitoka getini na mtu mwingine ndani, kijana aliyepangua gia hadi zikapiga kelele. Kila gia ilipolia, Baba alijishika kiuno kama aliyechomwa.

Soda ilikuwa adui mkaidi zaidi. Asubuhi moja namba iliruka hadi kumi na moja.

"Baba?" Nesi aliuliza.

"Soda," Baba alikiri. "Moja." Akakuna kichwa. "Mbili. Ya pili ilikuwa ndogo."

Siku nyingine alikosea upande wa pili. Alitaka namba ya kujivunia, basi akameza vidonge asubuhi na kukataa kula mchana kutwa. Alasiri akiwa juu ya shehena anakaza kamba, mikono ilianza kutetemeka, jasho likamwagika, akaanza kumfokea Spana maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Spana hakubishana naye. Alikuwa amemuuliza Taratibu yote kuhusu ugonjwa huu tangu aliposimamishwa kuendesha, akisema mtu lazima amjue vizuri anayetaka kumgonga. Alimteremsha, akamkalisha, akampa juisi yenye sukari, na muda si mrefu akili ikarudi. Kuanzia siku hiyo Baba alielewa kwamba hashindani na chakula. Anakula kwa wakati, kwa kiasi, mboga nyingi na maharage, mkate kidogo, na chai aliyoilalamikia kila siku kuwa ina ladha ya mvua.

Jioni alitembea na Nesi hadi mwisho wa mtaa wao, kisha hadi sokoni, kisha hadi daraja la reli na kurudi. Mwanzoni Baba alihema. Baadaye Nesi ndiye aliyeomba wapumzike. Mama alipunguza kiuno cha suruali za Baba mara mbili, na mara ya tatu akamwambia atamtoza kama mteja mwingine yeyote. Namba nazo zilishuka, si kwa mpangilio, zilishuka kama mtu mzima ateremkavyo ngazi usiku, akipapasa. Kumi. Tisa. Kumi tena. Nane. Saba na nusu. Siku ya sita na nusu hakuna aliyerukaruka. Walitazamana watatu juu ya mashine ile, Baba akaguswa moyo, akasema, "Hii ni yangu. Hii nimeitolea jasho mimi mwenyewe."

Siku ya hospitali ilipofika, mashine ya maabara ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Mtaalamu alivuta damu mkononi mwa Baba, bomba zima, na Baba alitazama mwanzo hadi mwisho. Walisubiri kwenye benchi. Mama alishona vifungo hewani bila kujijua. Nesi alihesabu vigae vya sakafu, akapotea, akaanza upya. Safari hii hakukuwa na la kufanya ila kungoja ukweli uje wenyewe.

Daktari alitoka mwenyewe, karatasi mkononi, uso haujasema kitu. Aliwaingiza ndani, akaiweka mashine ndogo na majibu ya maabara sambamba mezani.

"Mashine inasema amejitahidi," alisema. "Na maabara inasema..." akawatazama mmoja mmoja, mkorofi huyu, "...maabara inasema vilevile. Na nilipokupima macho asubuhi, yalisoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Baba, umefuzu. Cheti cha mwaka mzima."

Mama alipiga kigelegele hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Baba alijifunika uso kwa mikono yake mikubwa na kulia waziwazi. Nesi aliruka juu akagonga mizani, mizani ikayumba. Daktari alisaini, na wino ulipokauka alimpa karatasi ile Nesi ampe baba yake.

"Namba mbaya haijawahi kumuua mtu, binti yangu," alimwambia. "Ni habari tu, inatuambia tufanye nini. Ukimfichia mtu habari hiyo kwa sababu unampenda, umemfunga macho kwa mapenzi yako. Mpende kwa kumwambia."

Asubuhi ya kesho yake yadi nzima ilikuwa imejipanga. Bosi alikisoma cheti, akakisoma tena kwa raha tu, akatoa ufunguo mfukoni. Spana alisimama nyuma ya lori bila kofia, akasema safari hii hana cha kupoteza. Baba alimwomba Nesi apande kidogo kwenye kiti cha abiria kabla hajaondoka. Humo ndani alipapasa usukani, akarekebisha vioo.

"Mwanangu," alisema, akitazama geti mbele yake, "siku ile ulipomwambia daktari asisaini, nilidhani umenimaliza. Nimekaa chini miezi mitatu nikiwaza. Ukweli wako uliniteremsha kwenye lori. Uongo ungeniacha humu, na siku moja ningekufa barabarani. Lakini nisingekufa peke yangu. Barabara ile inapita mbele ya shule mbili. Ningeondoka na watoto wa watu, na wazazi wao wasingejua kamwe kwamba yote yalianza mezani kwetu, kwa sababu tulioneana huruma."

Nesi alimshika mkono, ule wenye vidole vigumu.

"Kwa hiyo ukiona jambo baya, kwangu au kwa mtu yeyote, sema. Hata kama nitakasirika. Nikikasirika nitapoa." Akawasha injini, na sauti yake nzito ikajaa yadi. Madereva wengine wakaanza kupiga honi mmoja baada ya mwingine mpaka masikio yakazibwa. "Haya, shuka sasa. Nina saruji ya watu."

Nesi aliruka chini. Mlinzi akafungua geti, na lori likatoka polepole, likageuka vizuri bila kugusa nguzo yoyote, likashika barabara.